Ukurasa Uliohama Bila Kuaga

Maneno yalikuwa bado yako pale pale kwenye kioo cha kompyuta: UKURASA UNAOUTAFUTA HAUPO.

Rahabu aliyasoma mara ya tatu, kama mtu anayesoma majibu ya hospitali akitumaini yatabadilika. Hayakubadilika.

Idd fundi, mwenye duka la kutoa kopi na kutengeneza simu karibu na soko la Lushoto, alikuwa na tangazo mkononi, lile alilolibandua mwenyewe kwenye nguzo ya umeme. Akaingiza anwani upya, herufi kwa herufi, akitazama karatasi kisha kioo. Akabonyeza. Maneno yakarudi yale yale.

"Mama Angel," akasema, "nani kaufuta ukurasa wa mzee?"

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, au lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, jua hili. Mzee Nathanaeli wa Magamba, mkwewe Rahabu, ana miaka sabini na minane. Siku kumi na mbili zilizopita alitoka nyumbani akiaga kwamba anawahi kazini. Kazi yenyewe aliiacha miaka arobaini iliyopita. Kichwa chake siku hizi kinasahau, na dawa zake za presha alibeba za wiki moja tu. Hajarudi.

Stephano, mwanawe na mume wa Rahabu, alichapisha matangazo, picha ya mzee juu na namba ya simu chini. Namba ikawa balaa. Kila saa simu inaita, mtu anasema mzee tunaye, tuma nauli tumlete. Matapeli watupu. Stephano akaiondoa namba, akaweka badala yake anwani ya ukurasa mmoja katika blogu ya mkewe, ile blogu ya kilimo na mapishi ya milimani inayosomwa kuanzia Lushoto mpaka Tanga. Aliyemwona mzee afungue ukurasa, aandike alichokiona, familia imtafute. Matangazo mia nne yakasambazwa na anwani hiyo, na hayana kitu kingine chochote cha kumsaidia msomaji.

Sasa anwani imekufa, na Idd anangoja jibu.

"Sikuufuta," Rahabu akasema. "Upo. Nimeubadilisha jina tu."

Idd akageuza kiti chote. "Umebadilisha nini?"

Rahabu akatazama sakafu. Ili uelewe aibu iliyomshika, jua alivyofundwa. Siku chache kabla hajaolewa, bibi yake alimkalisha jikoni akamwambia mkwe hatajwi jina. Hatajwi mbele yake wala nyuma yake. Miaka tisa Rahabu amemwita Baba, au Babu Angel. Hata siku ile mzee alipolazwa, nesi akataka jina la mgonjwa, Rahabu alimpa kitambulisho akasoma mwenyewe. Nesi alidhani hajui kusoma. Rahabu akaacha adhani hivyo.

Lakini ukurasa ule aliutengeneza Stephano, na mwana hana mwiko na jina la babake. Kwenye anwani aliandika nathanaeli-amepotea, na anwani ikakaa kwenye blogu yenye jina la Rahabu na picha ya Rahabu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Klara, dada mkubwa wa Stephano, aliinua simu yake katikati ya wanawake waliokuja kutoa pole. Akauliza tangu lini mke wetu anamtaja mkwewe duniani kote kama anayenadi mbuzi. Wanawake wakainama. Hakuna aliyecheka, na kutocheka kwao ndiko kulikomuuma Rahabu.

Jioni ile ile aliingia kwenye blogu, akalitoa jina, akaandika baba-yetu-amepotea. Akaufungua ukurasa, akaona umefunguka vizuri, picha ya mzee ipo, maelezo yapo. Hakumwambia mtu kwamba ameibadilisha. Alijiona ameitoa aibu mlangoni kwake.

Leo ni Alhamisi.

"Kwangu unafunguka," akamwambia Idd. "Tangu Jumapili unafunguka."

"Kwako wewe unayeijua anwani mpya. Nguzo za umeme hazina habari. Umehama nyumba, Mama Angel, hukumwachia jirani neno. Wageni wanafika wanakuta kiwanja."

"Nilidhani kompyuta itawaonyesha."

"Kompyuta haina akili hiyo. Ni ng'ombe. Inakwenda inakoswagwa."

Idd hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimpisha kwenye kiti afungue blogu kwa nywila yake, akamwonyesha orodha moja ambayo Rahabu hakuwahi kuifungua tangu aanze blogu, orodha ya watu waliokuja wakakuta mlango haupo. Kila mstari ulikuwa na saa yake. Jumapili usiku, mmoja. Jumatatu asubuhi, kumi na tisa. Jumatatu mchana wameongezeka. Jumanne orodha ilishuka mpaka kidole cha Idd kikachoka kusogeza.

Linki ile haikuwa kwenye matangazo peke yake. Redio moja ya Tanga iliiweka kwenye ukurasa wake. Wanakwaya waliirusha kwenye kundi lao. Madereva wa malori ya kabichi walirushiana wao kwa wao. Kila aliyeigusa alipelekwa pale pale, kwenye kiwanja kitupu.

"Mia mbili na kumi na tatu," Idd akasema. "Wamebisha hodi mia mbili na kumi na tatu. Wewe ulikuwa ndani, husikii."

Rahabu alishika ukingo wa meza. Alitaka kuuliza kama kuna njia ya kuwajua watu hao.

"Inarekebishika?" akauliza.

Idd akasema ni kazi ya dakika mbili, na hilo likamuumiza Rahabu kuliko kama angesema haiwezekani. Akamwonyesha sehemu yenyewe kwenye mipangilio ya blogu. Kuna visanduku viwili. Kwenye kimoja unaandika anwani ambayo mtu atabisha, kwenye cha pili unaandika pa kumpeleka. Basi. Atakayefika nyumba ya zamani anaelekezwa mpya bila yeye kujua kwamba ameelekezwa. Mtu akibadilisha jina la ukurasa hufanya hivyo kwanza, kabla hata ya kufurahi.

Idd alikuwa ameanza kujaza visanduku, simu ya Rahabu ilipoita. Stephano.

Rahabu alitoka barazani kupokea. Mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya soko.

"Fungua ukurasa wa baba sasa hivi," Stephano akasema, bila salamu. "Uone kama unafunguka."

Alikuwa stendi ya Mombo, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na sauti nyingine nyingi. Alieleza kwa haraka. Alikuwa anabandika matangazo, wapiga debe wawili wakajaribu anwani, haikufunguka. Mmoja akasema matangazo ya namna hii ndiyo wanayotumia wezi wa namba za watu. Wakamzunguka. Ufunguo wa pikipiki umeshachukuliwa.

"Ni mtandao," Rahabu akasema.

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa Stephano katika jambo hili, na haukudumu.

"Mtandao gani? Mapishi yako ya jamu yanafunguka. Kabichi zako zinafunguka. Ni ukurasa wa baba tu haupo. Rahabu, kuna kitu kimefanyika kwenye huo ukurasa?"

Mtu upande wa pili akasema kwa sauti, mwambie mwenzio huyo wa Lushoto ajipange vizuri. Wengine wakaguna.

"Urudishe ulivyokuwa," Stephano akasema. "Vile vile ulivyokuwa. Hawa watu hawana utani, na mimi nimechoka. Sijalala tangu juzi."

Simu ikakatika.

Rahabu hakurudi ndani. Angesema nini ndani? Alisimama pale pale, mgongo ukutani, akaingia kwenye blogu kwa simu yake, akaufungua ukurasa. Urudishe ulivyokuwa, ndivyo alivyoambiwa. Akafuta baba-yetu. Kisanduku kikabaki kitupu, kinangoja.

Akaandika N. Kidole kikasimama.

Alimwona mzee asubuhi ile ya mwisho, anafunga vifungo vya koti, anamuuliza kama chai ya Angel imepoa. Akaandika herufi zilizobaki bila kuzitazama, kama mtu anayejichoma sindano mwenyewe. Kisha akakumbuka kuna watu aliowapa anwani mpya tangu Jumapili, akina mama wa jumuiya na mwalimu wa Angel. Nao wasipotee. Akafungua visanduku viwili alivyoonyeshwa na Idd. Atakayebisha kwenye baba-yetu, mpeleke kwenye jina la mzee.

Akahifadhi. Alijisikia mwepesi kidogo. Mwanamke aliyekuwa haijui kazi hiyo robo saa iliyopita ameifanya peke yake mvuani.

Akaufungua ukurasa.

Kioo kikawa cheupe. Kikazunguka, kikazunguka. Halafu likatoka neno ambalo hakuwahi kuliona, kwamba ukurasa unaelekezwa mara nyingi kupita kiasi.

Ndani, Idd akasema kwa sauti nzito, "Nani mwingine yumo humu?"

Rahabu akaingia. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye kilemba.

"Umegusa nini?"

Akamweleza. Idd akaweka mikono kichwani. Yeye alikuwa ameshamaliza upande wake, ameandika kwamba atakayebisha kwa jina la mzee apelekwe baba-yetu. Na Rahabu naye ameandika atakayebisha baba-yetu apelekwe kwa jina la mzee.

"Sasa mtu anazunguka," Idd akasema. "Kama anayefuatilia hati ya kiwanja. Dirisha la kwanza linasema nenda la pili, la pili linasema rudi la kwanza. Mwanzo mlango mmoja ulikuwa haufunguki. Sasa haifunguki yote miwili."

"Stephano amesema niurudishe."

"Na mimi nilisema nafanya. Ungeniambia kwamba nawe unafanya."

Hapo mlango ukasukumwa, mwavuli mweusi ukaingia kwanza, nyuma yake Klara. Alikuwa amekuja kuchukua matangazo mengine mia moja ya kupeleka Soni. Alitazama nguo za Rahabu zilizolowa, akatazama kioo.

"Wifi, ndiyo nini hii? Mbona haupo?"

Idd akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

"Anwani ilibadilishwa Jumapili," Rahabu akasema. "Matangazo yote yanapeleka watu mahali ambapo hapapo."

"Nani kaibadilisha?"

"Mimi."

"Umerogwa? Baba yuko porini, wewe unabadilisha anwani? Kwa nini?"

"Unajua kwa nini, wifi."

Klara alifungua mdomo. Ni mwanamke ambaye harusi mbili zimewahi kuahirishwa kwa maneno yake tu. Safari hii alikaa juu ya katoni ya karatasi, mwavuli bado uko wazi mkononi mwake, unadondosha maji kwenye kopi za watu.

Idd alishika kazi. Alifuta alichoandika Rahabu, akafuta alichoandika mwenyewe. Akauacha ukurasa kwenye jina la mzee, lile lililobandikwa kwenye nguzo, kisha akaandika upya elekezo moja tu, la kuwaleta wa baba-yetu huku. Akamwambia Rahabu aweke simu mezani asiiguse. Rahabu akaiweka kifudifudi.

Kioo kikawa cheupe. Klara akanong'ona kitu kwa Kishambaa, ama sala ama laana.

Picha ya Mzee Nathanaeli ikatokea. Amekaa mbele ya nyumba yake Magamba, kofia magotini, anatazama pembeni kama mtu aliyeitwa.

Dakika tatu baadaye Stephano alituma ujumbe. Ufunguo umerudi. Wale wapiga debe sasa wanambandikia wenyewe, mmoja amepanda juu ya kibanda. Akamaliza kwa kuuliza, nini kilitokea?

Rahabu akaandika, nitakwambia. Akairudisha simu kifudifudi.

Hapa mwandishi mwingine angekuacha upumue. Mimi siwezi, kwa sababu Idd hakupumua. Alikuwa ameona alama nyekundu kwenye kona ya blogu.

"Haya maoni arobaini na moja yanayongoja ruhusa, nani anayapitia?"

"Mimi. Tuliyafunga yasitoke hovyo kwa ajili ya matapeli."

"Mara ya mwisho umeyapitia lini?"

Rahabu alifikiri. "Jumamosi. Baada ya hapo nilikuwa nangoja ya ukurasa wa Baba tu. Hayakuja."

"Yangekujaje?" Klara akauliza.

Idd akayafungua. Mengi yalikuwa upuuzi, watu wanaouza dawa za nguvu na watu wanaotaka bei ya mbegu za karoti. La ishirini na sita lilikuwa chini ya mapishi ya jamu ya matunda damu. Liliandikwa Jumatatu. Rahabu alilisoma kwa sauti, na kila mstari sauti yake ikapungua.

"Samahani naandika kwenye jamu kwa sababu ule ukurasa wa mzee haupo tena. Naitwa Maryam, nauza machungwa soko la Muheza. Kuna mzee yuko kwangu tangu Jumatano, anafanana sana na wa kwenye tangazo. Nilikuwa nasita kuandika mpaka niwe na hakika. Leo nimefungua nimekuta ukurasa umeondolewa, nimejua mzee wenu ameshapatikana, hongereni. Basi huyu wangu ni mwingine. Kama mnajua familia nyingine iliyopotelewa naomba mniambie. Anasumbua, anataka kwenda kazini."

Chini yake kulikuwa na namba ya simu.

"Kwa nini adhani amepatikana?" Klara akasema. "Nani kamwambia amepatikana?"

"Hata mimi ningedhani hivyo," Idd akasema. "Mtu akipata alichopoteza hubandua tangazo."

Rahabu alikuwa ameshapiga. Iliita mpaka ikakaribia kukata. Kisha ikapokelewa, na nyuma yake kelele za soko, mtu anatangaza bei ya mananasi.

Rahabu alijitambulisha, akasalimia, akasema ni yule wa blogu. Mwanamke wa upande wa pili alifurahi. Akauliza mzee wao anaendeleaje, ameshazoea nyumbani?

"Dada Maryam," Rahabu akasema, "hajapatikana."

Mananasi yaliendelea kutangazwa.

"Ukurasa si ulitolewa?"

"Haukutolewa. Nilikosea mimi. Mzee hajapatikana mpaka leo."

Sauti ya Maryam ikabadilika ikawa ya mtu mwenye tahadhari. Alisema ameshapigiwa na watu wa ajabu tangu awe na mzee yule. Akataka aambiwe mzee wao anaitwa nani na ana alama gani mwilini.

Rahabu akamtazama Klara. Klara akamtazama Rahabu, hakuinamisha macho wala kuyakaza.

"Nathanaeli," Rahabu akasema. "Anaitwa Nathanaeli. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kimekatika juu."

"Ya Rabi," Maryam akasema polepole. "Ndiye."

Klara aliinuka, mwavuli ukaanguka. Rahabu akaiweka simu kwenye sauti kubwa, akasema, mpe simu nimsikie.

"Siwezi kumpa. Hayupo. Jumanne nilimpandisha lori la wachuma chai."

Alieleza huku analia, na kilio chake hakikuwa cha kujitetea. Mzee alikuwa anaamka alfajiri kila siku anasema msimamizi atamfukuza, zamu yake imeanza, wenzake wako juu kwenye mashamba ya chai wanamngoja. Alikuwa analia kama mtoto. Maryam alimzuia siku zote zile kwa sababu ya tangazo, aliamini ndugu zake wanamtafuta.

"Tangazo lilipoondoka nikasema, ninamzuia mtu mzima kwa haki gani? Labda kweli ana kazi. Labda ana watu wake huko. Nikamfungia mihogo, nikampandisha. Nisameheni."

"Usituombe msamaha," Rahabu akasema. "Usituombe kabisa."

Klara alikuwa tayari na simu yake sikioni. Alimwambia mdogo wake maneno machache: baba, mghosi wetu, yuko njia ya mashamba ya chai, juu ya Muheza, geuza pikipiki, mafuta utajaza Korogwe, na usimuulize mkeo kitu mpaka nitakapokuwepo mimi. Ilikuwa ni mara ya kwanza Rahabu kusikia Klara anamkinga mtu.

Ilikuwa imetimia saa nane na nusu mchana.

Kompyuta ya Idd ikalia kidogo, mlio mmoja kama wa glasi. Mtu alikuwa ameandika kwenye ukurasa wa mzee. Mtu wa kwanza kuingia kwa mlango ule tangu Jumapili.

Idd alisoma peke yake kwanza. Halafu akasogea, akaweka mwili wake kati ya kioo na wale wanawake wawili.

"Kaeni," akasema.

"Sogea, Idd," Rahabu akasema.

Akasogea.

"Naandika kutoka kambi ya wachuma chai. Tumejaribu ukurasa huu tangu asubuhi haufunguki, sasa umefunguka. Mzee wa kwenye tangazo tulimkuta kando ya njia leo saa nne. Alikuwa wa baridi, hapumui. Hapa hatuna zahanati wala gari, na njia ya kushuka imeharibika kwa mvua. Wazee wa kambi wamesema kwa kuwa ndugu hawapatikani, azikwe leo saa kumi. Wameshaanza safari naye kwenda makaburini bondeni. Poleni sana. Tumemstiri vizuri. Lusajo, mnyapara."

Klara alitoa sauti moja, akajifunika uso kwa kanga. Rahabu hakulia. Aliyasoma maneno yale kama alivyoyasoma yale ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Tangu asubuhi haufunguki. Saa nne asubuhi alikuwa jikoni kwake anamenya viazi.

"Dada?" Sauti ya Maryam ilitoka mezani. Walikuwa wamemsahau. "Dada, nimesikia. Nisomee tena hapo. Wamesema wa baridi?"

"Wa baridi."

"Na hapumui?"

"Maryam, niache."

"Sikuachi. Nisikilize. Ijumaa alipokuwa hapa kwangu alinifia. Ninakwambia alinifia. Baada ya swala ya adhuhuri nilimkuta ukumbini amelala, wa baridi kama maji ya mtungini, nikaweka sikio kifuani sikusikia kitu. Nilimfunika shuka mpaka usoni. Abuu mdogo wangu akaita majirani, wakaja, wakakaa, tukaanza kuulizana mzee huyu ni Mkristo au Mwislamu, azikweje. Magharibi akaketi kitako, akatoa shuka, akauliza kama chai imeiva."

Klara alishusha kanga usoni.

"Daktari wa duka la dawa akasema ni zile presha zake," Maryam akaendelea. "Zikiisha dawa anazimika. Alisema mtu asiyejua anaweza kumzika mzima."

Rahabu alikuwa ameshaikamata kibodi. Aliandika: MSIMZIKE. ANAZIMIKA, YU HAI. MUITENI NATHANAELI. Akatuma. Lusajo alikuwa ameacha namba chini ya ujumbe wake. Klara akaipiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Idd akapiga kwa laini nyingine, na ile nayo ikamwambia vile vile.

"Atakuwa amewafuata bondeni," Maryam akasema. "Huko simu hazishiki. Mtu anapanda kilimani kutuma ujumbe, kisha anashuka."

"Ni mbali kutoka kwako?"

Maryam akasogeza simu mbali. Walimsikia anaita, Abuu, Abuu, acha machungwa, washa pikipiki. Walisikia meza inasukumwa, matunda yanaanguka, mtu analalamika. Kisha mlio wa pikipiki ukaja karibu na simu.

"Naenda," akasema. "Niombeeni."

"Utafika saa ngapi?" Rahabu akauliza.

"Barabara ile ni matope matupu. Abuu anasema akiikimbiza bila kuogopa kufa."

"Saa ngapi, Maryam?"

"Saa kumi na nusu."